Mahari Isiyohesabika

Pale Buzuruga, nyuma ya stendi, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na juu ya ubao huo nchi hii hutengenezwa upya kila asubuhi kwa kahawa ya Mbaruku. Masele huitwa Meneja. Alikuwa mlinzi wa geti kiwandani hadi alipopunguzwa, na tangu siku hiyo anajua kila kilichoua kiwanda. Ngosha fundi redio ndiye Profesa. Asubuhi ile alikuja Mwinjilisti Nathaniel, mgane wa miezi kumi na minne, aliyerudi juma lililopita kutoka ng'ambo ya Busisi, kwenye mafunzo ya kupeleka Neno kwa watu wa mila nyingine. Alikuwa na barua mfukoni, na barua ilitaka jibu kabla ya Jumamosi.

— Soma tena, Mbaruku, alisema Meneja.

Mbaruku akaweka birika chini, akafuta mikono.

— "Mkwe wetu Mwinjilisti, hatujambo. Jumamosi tutakuwa Busisi kukupokea, wewe na ile mahali uliyotuahidi. Teodora ni mzima."

— Umesikia? alisema Nathaniel polepole. Ameandika mahali. Ndivyo nilivyosema. Sehemu ya kukaa.

— Kwetu Usukumani mahali ni ng'ombe, alisema Meneja.

— Hiyo ni mahari, Meneja.

— Si ndiyo nasema? Mahali.

Mbaruku, mtoto wa mjini, akainua kidole.

— Mzee Nathaniel, hebu tamka kama ulivyotamka kule.

Nathaniel akavua kofia, akaiweka gotini.

— Bwana amekwenda kutuandaria mahari.

Ubao mzima ukashusha vikombe. Nathaniel akawatazama mmoja mmoja. Alikulia Tarime, na siku nyingi ulimi wake hauna neno. Lakini moyo ukiwa mzito, L zake zote hugeuka R, na masikio yake mwenyewe hayana habari.

— Umetaja ng'ombe, alisema Profesa.

— Nimesema mahali.

— Ng'ombe, Mwinjilisti. Tena hukusema wangapi.

— Walipouliza nilisema haihesabiki, alisema Nathaniel.

Mbaruku akamwongezea kahawa bila kuombwa.

— Tuanzie mwanzo, alisema.

Nathaniel akaanza mwanzo. Kasha la vitabu vyao, yeye na wenzake wa mafunzo, lilishushwa Usagara kwa makosa, pamoja na kuku wa mtu. Pale Kigongo magugu maji yalikuwa yameziba njia ya kivuko, wakalala siku mbili. Walipofika kwenye boma walilopangiwa, wenyeji walikuwa tayari wanangoja, na mwalimu wa mafunzo akasema, Mwinjilisti, simama useme. Kitabu hakuna. Neno alilolijua kwa moyo lilikuwa moja tu, lile la Bwana kutuandalia mahali. Ndilo lililosomwa siku ya kumzika mkewe Odeta.

— Nikalisema hilo. Mzee wa boma akauliza, ipo kweli? Nikasema ipo. Akauliza, ni nyingi? Nikasema kwa Baba yangu ni nyingi, haihesabiki. Akauliza, lini? Nikasema hakuna aijuaye siku, ila tukae tayari. Wakapiga vigelegele. Nikajua Roho anafanya kazi.

— Na hukushtuka? aliuliza Mbaruku.

— Teodora, binti yake, naye ni mjane, akaniletea maziwa, akapiga magoti. Somo la pili la mafunzo lilisema, usikatae cha mwenyeji. Nikanywa.

— Somo la kwanza lilikuwa lipi?

— Fika na vitabu vyako.

Meneja akatikisa kichwa.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ya kwanza tu umenywa maziwa, umepewa mke. Kosa ni la magugu. Na magugu yameletwa na soko huria.

— Kosa ni la herufi, alisema Profesa. Zamani serikali ilipanga: L hapa, R pale. Siku hizi ruksa, kila mtu anaingiza yake kutoka nje.

— Sasa afanyeje? aliuliza Mbaruku.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Meneja. Aoe.

— Kwa ng'ombe gani? Awaambie mahali hiyo ni ya mbinguni, wakaidai huko huko.

— Au afe, alisema Profesa. Tunapeleka tangazo redioni. Boma zima litasikia, tena watamlilia.

— Tangazo la Odeta lilisomwa mara mbili, alisema Nathaniel. Sitaki lingine.

Profesa akatazama ndani ya kikombe chake.

— Nisamehe, Mwinjilisti.

— Si kitu. Nikiwaambia ulimi ulikosea, binti wa watu atachekwa boma zima. Nikinyamaza, namdanganya. Nimewaombeni jibu, ndugu zangu, mnaniua.

Hapo akaja Bernadeta, fundi cherehani aliyehamia barazani kwa jirani wiki ile, kurudisha kikombe.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba.

Alikuwa amesikia yote, kwa sababu Meneja hanong'oni.

— Na huyo Teodora mwenyewe, aliuliza, amesemaje?

Meneja akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Mbaruku.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Profesa.

— Alikuwepo, alisema Bernadeta. Si ndiye aliyeleta maziwa?

Mbaruku akainamisha birika. Yakatoka matone matatu na machicha.

Nathaniel alitafuta kichwani. Alikumbuka kibuyu cha maziwa, na mshono wa uzi mwekundu mdomoni mwake. Alikumbuka mikono miwili. Alikuwa amekishukuru kibuyu. Uso hakuupata, wala sauti. Na Odeta, miaka ishirini na sita ya ndoa, hakuwahi kumwacha akae na jambo bila kumwambia, muulize mwenyewe, mume wangu.

Akavaa kofia, akasimama.

— Unakwenda wapi? Leo si Jumamosi, alisema Meneja.

— Kivuko cha leo bado hakijaondoka.

— Basi ukifika, sema taratibu! Herufi moja moja!

Nathaniel alikuwa amekwisha kushika njia ya stendi. Akageuka.

— Safari hii sisemi, alisema. Safari hii nitasikiriza.

Walimsikia wote, hata Meneja. Hakuna aliyemrekebisha.