Chumba Namba Saba Kisigeuzwe Stoo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali yetu, Mheshimiwa Daktari Mkuu, madaktari, wauguzi na wafanyakazi wote, ndugu zangu mnaotibiwa hapa, ndugu wageni waalikwa, na wewe dada yetu unayeagwa leo, uliyevishwa shada la maua na bado unatazama saa kana kwamba kuna mtu anasubiri sindano: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake. Wasio na cheo nawasalimu mara mbili, maana ndio wengi na ndio waliokosa viti.

Nimepewa dakika kumi. Mshereheshaji amenionya mara mbili, na mara ya pili alinishika mkono. Simlaumu. Kwa miaka ishirini na miwili ya kuandika safu gazetini nimegombana na madiwani, wakandarasi, wahariri wangu mwenyewe na mashemeji wawili. Leo nimekuja kugombana na barua moja tu, ya mistari minne, iliyobandikwa ubaoni pale mapokezi. Inasema kwamba kwa kuwa muuguzi mhusika anastaafu, na kwa kuwa hakuna mwenye sifa za kumrithi, maigizo ya Jumanne yatasitishwa kuanzia mwezi ujao, na chumba namba saba kitatumika kuhifadhia mafaili. Imepigwa muhuri. Hata muhuri umekaa upande, kama unaona haya.

Lakini kabla sijaishika barua hiyo masikio, mna haki ya kuniuliza: wewe si ndiye uliyeyatukana maigizo hayo? Ndiyo. Ni mimi. Miaka sita iliyopita niliandika makala nzima, nikauliza: mgonjwa akija na homa, mnamchezea ngoma? Niliandika kwamba hospitali inayoigiza ni hospitali iliyoishiwa dawa. Watu walinipigia simu kunipongeza, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi tangu mwanzo.

Huyu dada hakumwandikia mhariri. Alinitumia kikaratasi cha aina ile mnayoandikiwa dawa, na kwa mwandiko uleule wa kiuguzi aliandika: “Jumanne saa tisa alasiri. Chumba namba saba. Njoo na miguu yako.” Nikaja, na daftari, kuokota mawe ya kumrushia.

Kwa wageni ambao hawajawahi kuingia namba saba, ni chumba cha kawaida kabisa. Mabenchi manne ya mbao. Mizani ya watoto wachanga imesukumwa pembeni. Feni ina bawa moja linalogonga. Katikati ya sakafu kuna mstari wa chaki, na mstari huo ndio shule yenyewe. Ng'ambo ya chaki, wagonjwa na wafanyakazi wanaigiza kwa dakika kumi jambo linalowasumbua watu wa mitaa hii, wanaliigiza mpaka linapokwama, halafu wanaacha. Hapo dada huuliza, “Nani angefanya vingine?” Na sheria ni moja: hakuna kutoa ushauri ukiwa kwenye benchi. Ukijua zaidi, vuka chaki, chukua nafasi ya yule aliyekwama, utuonyeshe. Ndiyo maana mitaani hawamwiti jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Mama Tuonyeshe.

Siku hiyo waliigiza mke ambaye mumewe amerudi kazini akiwa kimya. Mume anatazama ukuta. Mke anamuuliza una nini, anamuuliza tena, chakula kinapoa, anamuuliza mara ya tano. Wakaacha hapo. Nami, kutoka kwenye benchi langu, kwa sauti mnayoisikia sasa, nikasema, “Huyo mwanamke ana kelele! Mtu mwenye hoja huongea mara moja.”

“Karibu, kaka,” akasema dada. “Tuonyeshe.”

Nikavuka. Nikafungwa kitambaa kichwani. Nikamkabili mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, mtu mpole, nikaanza: “Mume wangu, hapa kuna mambo matatu ya msingi.” Chumba kikaangua kicheko, nikadhani ni kwa sababu ya kitambaa. Nilipofika jambo la pili, mume wangu aliinuka, akavuka chaki, akatoka mlangoni, akapita chumba cha dobi, na hakurudi tena siku hiyo. Mama mmoja muuza mboga akapaza sauti: “Mke gani huyu, anahutubia! Hata mimi ningekwenda kulala kwa mama!”

Nilifika nyumbani nimevimba. Mke wangu akasema, “Kwa hiyo leo umekuwa mimi? Hebu kaa hapo, na mimi niwe wewe.” Akaketi kwenye kiti changu, akavaa miwani yangu, akafungua gazeti juu chini. Binti yetu, mnafiki mkubwa, akajiunga naye papo hapo: “Baba, leo mwalimu kanisifu.” Mke wangu hakuinua macho. Akasema, “Mm.” Kisha akafungua ukurasa wa pili, akasema, “Kuna mambo matatu.” Walicheka mpaka wakashikana. Mimi pia nilicheka, ila niliacha kucheka kabla yao. Ndugu zangu, nimesoma vitabu vya falsafa mpaka rafu imepinda, na hakuna hata kimoja kilichowahi kunionyesha uso wangu kwa neno moja la “Mm.”

Jumanne iliyofuata nilirudi. Sikuja na daftari.

Sasa, barua inasema hakuna mwenye sifa. Naomba niwaambie habari za karani wa mapokezi. Yupo pale, safu ya pili, anajikunyata. Bibie, usijifiche, nimeshakuona. Miaka mitano iliyopita, nani hapa hakumwogopa? Ulikuwa ukifika dirishani kwake, unasalimia, unajibiwa na kalamu. “Kadi. Kadi! Huna kadi, pisha.” Basi wagonjwa wakaamua kumwigiza. Walipanga wafanye hivyo akiwa likizo, ila hawakujua kwamba likizo imeahirishwa. Katikati ya mchezo akapita na rundo la mafaili, akasimama mlangoni, akatazama. Naye akapandwa na hasira, akasema, “Huyu karani hana adabu hata kidogo! Anafanya kazi wapi, mtu kama huyu?”

Hakujitambua! Watu arobaini wakaanza kuchunguza viatu vyao. Fundi cherehani akashikwa na kikohozi ghafla. Dada yetu hapa, uso mkavu kama karatasi, akasema, “Ni kweli, mwenzangu. Karibu utuonyeshe.” Akaweka mafaili chini, akavuka, akakaa kwenye kile kiti, akainua macho, akasema, “Shikamoo, mama. Pole na foleni. Naomba kadi yako, na kama huna tutaitafuta pamoja.” Kisha akakitazama kiti alichokalia. Baadaye aliniambia mwenyewe, “Kaka, nilipolisema lile neno ‘pole’ nikajiuliza, nimelisema lini mara ya mwisho? Nikajua nimekaa kiti cha nani.”

Je, kuna semina ngapi za huduma kwa wateja alizohudhuria kabla ya siku hiyo? Nne. Ana vyeti. Hatukosi kuambiana katika dunia hii. Tunaambiana kwa mabango, kwa vipeperushi, kwa vipaza sauti juu ya magari, na watu kama mimi tunawaambia wenzetu kwa safu mbili kila wiki. Aliyeambiwa hutikisa kichwa, kisha huenda zake na kichwa chake kilekile. Ni nani kati yenu aliyewahi kubadilika kwa sababu ya bango?

Tangu wiki ile karani huyu hajakosa Jumanne hata moja, na mwaka huu mzima ndiye aliyeyaongoza maigizo, dada akiwa amekaa nyuma akifuma sweta. Huyo ndiye “hakuna mwenye sifa.” Mheshimiwa Daktari Mkuu, hakuna anayetaka karani aandike dawa. Mshauri nasaha wa hospitali hukaa benchi la mwisho kila wiki, na likitokea la kumhusu hulichukua kwa heshima zote. Mimi si mtu wa kusema mchezo unashusha presha. Kidonge ndicho kinachoshusha presha. Lakini kuna watu ambao miguu yao haiji kwenye kidonge mpaka kwanza ije kwenye benchi.

Mmoja wao nimemwomba ruhusa. Alinijibu, “Sema, ila usiongeze chumvi. Na usinililie mbele za watu.” Nitajitahidi.

Mlinzi wetu wa getini tunamwita Bwana Kimya. Kwa miaka kumi na moja tulimsikia akisema mambo mawili: “Karibu,” na “Geti linafungwa saa kumi na mbili.” Tulidhani ndivyo alivyoumbwa. Tulimtania, na mimi nilikuwa wa kwanza. Mwaka jana walirudia ule mchezo wa mume anayetazama ukuta, karani akiwa mke. Dada akauliza, nani angefanya vingine? Bwana Kimya, aliyekuwa amesimama mlangoni kama kawaida, akaegemeza rungu lake ukutani, akavuka chaki, akakaa kwenye kiti cha mume.

Karani hakumuuliza kitu. Akaketi kando yake na sinia la mchele, akaanza kuchagua mawe. Tulisikia feni ikigonga. Tulisikia mawe yakidondoka kwenye kopo. Sijui zilipita dakika ngapi. Mimi, ambaye siwezi kunyamaza hata nikiwa usingizini, sikutaka mtu aseme neno.

Kisha akasema, “Zamu ilikuwa yangu.”

Mchele ukaendelea kuchaguliwa.

“Tulikuwa tunajenga ghorofa. Zamu ya kupanda juu ilikuwa yangu. Nikamwambia mdogo wangu, panda wewe, mimi mgongo unaniuma. Akapanda. Miti ya kupandia ikaachia.”

Mimi ningekuwa mke huyo ningekuwa nimeshasema si kosa lako, kwa mambo matatu. Karani hakusema hivyo. Alisogeza sinia mpaka nusu yake ikawa juu ya magoti ya mume, akasema, “Shika upande huu.” Na yule mzee akaanza kuchagua mchele. Wakauchagua wote, punje kwa punje, mpaka ukaisha. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua geti, alibisha mlango wa mshauri nasaha kwa mara ya kwanza. Ndiko alikoanzia matibabu, katika mwaka wake wa kumi na mbili wa kufanya kazi hatua sitini kutoka mlango ule. Mkewe ameniambia kwamba siku hizi analala. Na siku hizi anaongea, tena anaongea sana; juzi alinisimamisha getini robo saa nzima kunieleza makosa ya safu yangu.

Sijaongeza chumvi, mzee. Machozi si yangu, ni ya hii feni ya ukumbini.

Basi, Mheshimiwa Daktari Mkuu, uamuzi ulioko mikononi mwako ni huu: Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, mtu wa namna hiyo, ambaye hatumjui bado, na ambaye sasa hivi anatuambia tu “Karibu,” atakuta mlangoni benchi au atakuta kabati? Najua utaniuliza, na mafaili je? Ni swali la haki. Mafaili yamelala korido, yanaloa mvua ikinyesha, na faili la mgonjwa ni siri yake. Mimi si mshenzi wa kudharau mafaili.

Ndiyo maana Alhamisi mimi na Bwana Kimya tulichukua futi kamba tukaenda kupima ile stoo ya nyuma ya dobi. Ni kubwa kuliko namba saba kwa hatua nne. Paa halivuji, mlango una kitasa kizima. Ndani kuna vitanda vibovu kumi na tisa, friji lisilo na mlango, na mabango ya kampeni ambazo hata waliozianzisha wamezisahau. Tulimuuliza mhudumu wa stoo, “Hivi vinasubiri nini?” Akasema, “Vinasubiri kibali cha kutupwa.” “Tangu lini?” “Mimi nilivikuta.”

Mheshimiwa, saini kibali kimoja, na mafaili yamepata nyumba. Fundi wa kuchomelea wa barabara ya nyuma amesema atavitazama vile vitanda, vinavyofaa vitarudi wodini. Kinachobaki ni migongo ya kubeba. Kwa hiyo, Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, nyuma ya dobi. Sitaki makofi, makofi hayanyanyui kitanda. Wanaokuja kubeba, mikono juu.

Fundi cherehani, nimekuona. Mama mboga. Karani, asante. Wauguzi wa zamu ya asubuhi, wote? Mungu awabariki. Bwana Kimya, mkono mmoja unatosha, baba, shusha huo mwingine. Mke wangu ameninyooshea mkono mimi, nadhani ananitaka nimalize.

Dada. Shusha mkono wako. Wewe umestaafu. Jumamosi utakaa kivulini, utakunywa chai, na ukiona tunabeba vibaya utanyamaza kama walivyo wastaafu wengine wote.

Na pale meza kuu, nauona mkono wa Mheshimiwa Daktari Mkuu. Sijui umenyooshwa kubeba au kuniomba niketi. Mwandishi wa kumbukumbu, andika: kubeba.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Dada, nenda salama. Chumba tunabaki nacho.