Zuwena Amuri, Aliyekataa Kuziamini Takwimu za Mjini

Baada ya miaka ishirini na minne ya kugonga milango ya watu kuanzia Magara hadi Kabonga, Bibi Zuwena Amuri anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Aliingia Kituo chetu cha Utafiti wa Jamii, tawi la Rumonge, tarehe 4 Juni 2001 akiwa mkusanyaji wa takwimu. Anaondoka akiwa msimamizi wa kazi zote za nyanjani katika mwambao wa ziwa. Katika muda wote huo hajapata kuliamini jibu la kwanza.

Alizaliwa hapa hapa Rumonge, katika mtaa wa Waswahili, kwa baba fundi cherehani ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Congo enzi za Wabelgiji. Sisi wenzake tunamwita Mama Hadija, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mtu akimwambia kwamba nyumba ina watu wanne, yeye hutupa jicho kwenye sahani zilizoanikwa uani. Zikiwa tisa, huuliza upya, kwa upole, kana kwamba amesahau. Swali zito huliuliza mara mbili: anapofika, na tena anapoaga, mwenyeji akiwa ameshalegea. Hata chai ya ofisi huinusa kabla ya kuinywa. Tulimcheka sana kwa hilo. Hakujali, na nadhani alikuwa akitushuku sisi pia.

Kisa kinachomtambulisha kuliko vyote kilitokea mwaka 2016. Kituo kilifanya utafiti wa maji ya kunywa katika miji mitatu mikubwa: Bujumbura, Gitega na Ngozi. Matokeo yalipendeza. Kaya tisa katika kila kumi zilikuwa na bomba karibu na nyumba. Kwa kujiridhisha tu, mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bwana Pontiani, aliagiza Mama Hadija ajaze fishi sitini, yaani fomu za maswali, kule Magara. Ripoti ilikuwa iende kwa wafadhili waliokuwa wakijaza matangi ya maji yaliyotiwa dawa kwenye fukwe za wavuvi. Kama mabomba yapo, matangi yangeondolewa kabla ya mvua.

Fishi za Mama Hadija zilifika Bujumbura zikiwa na alama ya "ndiyo" kwenye swali la bomba, sawa na zile za mjini. Lakini pembeni, kwenye fishi arobaini na moja, aliongeza kwa kalamu: "Bomba lipo, maji hayapo." Maneno yale yale, mwandiko ule ule. Makao makuu hatukuwaza habari za mabomba. Tuliwaza kwamba amezijaza akiwa amekaa barazani kwake.

Nikatumwa kumchunguza. Ndiyo, ni mimi Hyacinthe ninayeandika wasifu huu, mzaliwa wa Bujumbura, ambaye mpaka siku ile nilikuwa nimeiona Rumonge kupitia dirisha la gari tu. Niliagizwa nimweleze kwamba nimekuja kujifunza kazi. Alinipokea vizuri nyumbani kwake, akanipa ugali wa muhogo na samaki aina ya mukeke kwa mawese, akanitazama nikila. Kesho yake asubuhi, tulipofika Magara, alinikabidhi kalamu.

"Leo uliza wewe," akasema. "Mimi nitakaa kimya."

Nilianza na Mama Jovita, mwanamke anayeanika ndagala, yaani dagaa wa ziwani, karibu na barabara. Tulipeana salamu ya amahoro, nikamsomea swali kama lilivyoandikwa: je, kuna bomba karibu na nyumba yako?

"Ndiyo, robine iko," akajibu.

Nikatia alama, nikashukuru, nikafunga fishi. Mama Hadija akanigusa bega.

"Sasa muombe maji ya kunywa."

Nikaomba. Mama Jovita hakuinuka mara moja. Alimtazama mwenzangu, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ya wageni ama ya kwetu?"

Maji ya wageni yalikuwa ya tangi, kwenye kidumu kilichofunikwa kitambaa. Ya kwao yalikuwa ya ziwani, kwenye ndoo. Nikataka nionyeshwe hilo bomba. Lilikuwa hatua thelathini tu kutoka mlangoni, limejengewa saruji nzuri, na ndani ya mdomo wake nyigu walikuwa wamejenga kiota. Nilimuuliza Mama Jovita kwa nini alinijibu ndiyo.

"Uliniuliza kama robine iko. Haukuniuliza kama inatoa maji," akasema. "Na watu ya proje, wale wa miradi, ukiwaambia hakuna kitu, wanaandika, wanaenda, hawarudi. Ukiwaambia iko, wanafurahi na wewe. Sasa mimi niseme nini?"

Tulipokuwa tukirudi barabarani, Mama Hadija aliniambia bila hasira, "Hukuja kupima maji. Ulikuja kunipima mimi."

Niligeuka nikatazama ziwa.

Jioni hiyo nilimpigia simu Bwana Pontiani. Ripoti ilikuwa iwasilishwe baada ya wiki mbili, naye alihisi kwamba Mama Hadija amenivuta upande wake. Sasa tulikuwa washukiwa wawili. Hata hivyo alitupa siku kumi. Tulizunguka Magara na Minago kwa pikipiki na kwa miguu, na safari hii hatukumuuliza mtu kama bomba lipo, tulifungua wenyewe. Kati ya mabomba thelathini na saba, yaliyotoa maji yalikuwa kumi na manne.

Mama Hadija akaandika hitimisho lake daftarini: mabomba ya mwambao yamekauka. Nilipomtajia Kabonga, kule Nyanza-Lac karibu na mpaka wa Tanzania, alisema hakuna haja ya kujichosha, aliyeiona Magara ameliona ziwa lote. Sijawahi kumsikia akisema neno kama hilo kabla wala baada ya hapo. Tulikwenda kwa sababu mimi, niliyekwisha kuaibika mara moja, nilishikilia.

Kabonga tulipokewa na mwalimu Eliana, aliyezaliwa na kusomea katika kambi ya wakimbizi Tanzania kabla ya wazazi wake kurejea nchini. Alitupeleka bombani. Mama Hadija akafungua, na maji yakatoka kwa nguvu, safi kabisa. Wakati huo huo wanawake walikuwa wakitupita na ndoo zao kuelekea ziwani. Eliana alitueleza sababu. Bomba lilikuwa limewekwa kwenye kiwanja kinachogombaniwa na familia mbili, moja iliyorudi kutoka uhamishoni na nyingine iliyokuwa ikilima pale miaka yote hiyo. Ukichota hapo, unahesabiwa kuwa umechagua upande. Watu wakaona heri ziwa, ambalo halina mwenyewe.

"Ninyi wa Rumonge mnalalamika kwamba Bujumbura haiwajui," Eliana akamwambia Mama Hadija. "Na sisi je, mnatujua? Ni mara ngapi mmeandika habari zetu bila kufika?"

Mama Hadija alilitoa daftari, akapiga mstari juu ya hitimisho lake. Tuliporudi shuleni alikaa kwenye benchi. Akamwomba Eliana amweleze kila kitu tangu mwanzo, naye akaandika mpaka kurasa zikaisha.

Siku ya kuwasilisha ripoti, Bujumbura, mtaalamu mmoja alitupinga. Alisema mji mkubwa hukusanya watu wa kila pembe ya nchi, kwa hiyo anayeuchunguza mji ameichunguza jamii nzima. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Mama Hadija akaomba neno.

"Mtu akifika mjini anajifunza kujibu kama watu wa mjini," akasema. "Mimi mwenyewe nikija hapa, mkiniuliza habari za kwetu, nasema kwetu kila kitu kipo. Sitaki mnidharau. Msinielewe vibaya, mji nao uchunguzwe. Nusu ya nyumba za Magara zinaishi kwa pesa anazotuma kwa simu ndugu aliye Buyenzi, hapa mjini, huwezi kuzielewa ukiisahau Bujumbura. Lakini aliye Buyenzi hatakwambia kwamba mama yake anakunywa maji ya ziwa."

Bwana Pontiani, ambaye mama yake aliishi Minago, aliinamisha kichwa. Ripoti ilibadilishwa. Matangi yalibaki Magara. Kabonga, wazee wa kilima, yaani wa kijiji, waliketi na zile familia mbili mara nne, na mwishowe bomba likahamishiwa uwanja wa shule. Mvua zilipoanza, kipindupindu kiliingia Magara. Waliougua walikuwa kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walipona, wakarudi nyumbani kwao. Mmojawapo alikuwa Mama Jovita.

Tangu mwaka ule hakuna fishi ya Kituo hiki inayouliza kama kitu kipo bila kuuliza kama kinafanya kazi na nani anakitumia. Wakusanyaji takwimu ishirini na wawili wamefundishwa na Mama Hadija, na kila mmoja wao sasa ana tabia ya kuhesabu sahani za watu.

Wiki iliyopita nilimpelekea rasimu ya wasifu huu ili ausome. Aliurudisha siku ya pili na sentensi moja ya kalamu: "Umeuliza watu wa ofisi tu." Alisema kweli. Miaka tisa nimefanya kazi naye, na nyumbani kwake nilikuwa nimekula mara moja tu, nikiwa nimetumwa kumchunguza.

Basi nikaenda. Alikuwa ametoka. Mumewe, Mzee Tahiri, alinikaribisha ndani, na nilipomuuliza habari za kazi ya mkewe, aliitazama meza iliyokuwa kati yetu.

"Ile siku mulitoka Magara, alirudi hapa akalia," akasema. "Mimi nilikuwa sijamuona analia tangu mama yake afe. Aliandika barua ya kuacha kazi. Alisema, miaka kumi na tano nimewatumikia, na bado wanatuma mutu kuangalia kama naiba. Barua ilikaa hapo mezani siku tatu. Kisha akaipasua, akasema, nikiacha, wale mama wa Magara watabaki na nani?"

Ofisini hakuna aliyelijua jambo hili. Mimi niliyekuwa naye siku zile zote sikulijua. Nilimwona hana hasira, nikaandika kwamba hana hasira, na sikuuliza mara ya pili.

Mama Hadija, kwa niaba ya Kituo, na kwa niaba yangu mwenyewe, tunakuomba radhi, hata kama tumechelewa miaka tisa. Murakoze, asante sana, kwa kila mlango uliogonga na kwa kila jibu ulilokataa kulipokea haraka. Upumzike vizuri kwako, wewe na Mzee Tahiri, mkiwa na afya, amani na wajukuu tele. Maisha yako yawe mema. Nitakuja mwenyewe kuuliza kama ni mema kweli, na nitauliza tena wakati wa kuaga.