Uzi wa Nne

— Usiponiamini, Sandton, simama uende zako, kahawa yako nitaimaliza mimi. Ule wimbo nimeutengeneza mimi. Kwa mkono huu. Nani anabisha?

Aliyefoka hivyo ni Pacifique, ambaye mtaa mzima wa La Rochelle, hapa Johannesburg, unamwita Ampli kwa sababu hajawahi kutoa sauti inayotoshea ndani ya chumba. Shule aliiaga Bukavu kabla haijamfikisha kwenye hesabu za herufi, na hadi leo anasema iliyopata hasara ni shule. Jumamosi hiyo ya Julai 2017 baridi ilikuwa inang'ata masikio, na benchi la mbele ya saluni ya Marthe lilijaa watu waliokumbatia vikombe. Asubuhi redio ilimhoji mpiga gitaa wa wale vijana wa Soweto, wenye wimbo wa roki unaolia kila spaza, viduka vya mtaani. Alisema ule mlio wa mwanzo si ujanja wake: fundi wa duka fulani la magitaa Rosettenville alimwekea uzi usiostahili kwenye gitaa, na sasa anamtafuta. Ajitokeze Jumatatu redioni. Akithibitika ndiye, watazunguka naye nchi nzima kama fundi wao. Duka hilo ni la Bakiri, bosi wa Ampli. Na Bakiri alikuwa ameshapiga simu kusema fundi ni yeye.

— Bakiri! Ampli aliwaka. Yule anahesabu nyuzi za gitaa kila asubuhi, na kila asubuhi anapata jibu jipya!

— Taratibu, dogo, alisema Seif, muuza kahawa wa Tanga, akiinamisha dele lake. Tueleze.

— Gitaa lililetwa Ijumaa, mwezi wa tatu, na pakiti yao ya nyuzi mpya. Uzi wa nne kawaida ni mnene. Mimi nikaweka mwembamba, nikaukaza mpaka ukalia juu. Kwetu Kongo wapiga gitaa wanafanya vile, tunaita mi-composé. Kesho yake wakalibeba ghafla, mbio hadi studio. Mwenye gitaa anagusa, linamjibu kwa sauti ya kengele! Saa za studio zinayoyoma, uzi mwingine hana. Wakarekodi hivyo hivyo. Sharp? Mmenielewa?

— Sharp nini! Marthe alitoka saluni na kitana mkononi. Ule wimbo watu wanapendea kilio cha mwimbaji. Na kilio kile ni kazi yangu. Nilimsuka siku ileile, nikamvuta hapa kwenye paji. Alifika studio kichwa bado kinawaka moto.

— Ya Marthe, dada yangu, yule ana kipara!

— Sasa. Unadhani nywele zilienda wapi?

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Kipkoech, Mkenya wa benki anayekuja kila Jumamosi kunyolewa, ndiyo maana wakamwita Sandton, kwa jina la mtaa wa mabenki na matajiri, akakohoa kama mtu wa mkutanoni.

— Nyinyi hamjui biashara. Kuna kampuni kule kwetu inapima mapigo ya moyo ya abiria kwenye treni ya kasi. Ngoma za ule wimbo zimepangwa sawasawa na moyo wa mtu aliyechelewa kazini. Ndiyo maana ukiusikia huwezi kukaa ukatulia.

— Moyo gani, Seif alidakia. Mpiga ngoma alikunywa vikombe vinane hapa hapa, vichungu, bila kashata. Siku tatu hakufumba jicho. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mazishi!

— Chekeni, alisema Ampli, na yeye hakucheka. Miaka mitatu nakaza nyuzi za watu, na risiti inaandikwa Bakiri. Hii moja ni yangu. Shati nimeshapiga pasi. Jumatatu saa mbili niko mlangoni, anizuie mwanamume.

Falonne, mwimbaji wa kwaya ya kanisani kwao Ampli, alikuwa amefika kusukwa kwa ajili ya ibada ya kesho. Alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa kichwani.

— Kaka Ampli, mimi magitaa siyajui. Uliweka mwembamba, sawa. Ule mnene wa kwenye pakiti yao ulienda wapi?

Nadharia zote ziliisha pale pale. Seif aliinamisha dele, likatoa tone moja.

— Na kahawa imekwisha, dogo. Jibu.

Ampli alikuna shingo.

— Eish. Hilo hata Bakiri akiulizwa, hana jibu.

— Na wewe?

— Mimi ninalo. Hakuna mwingine duniani. Kwa hiyo nitaupeleka uzi wenyewe mkononi, jibu nilitoe hapo hapo redioni, hata kama pasta anasikiliza.

— Kwa nini pasta asisikilize? Marthe alisogea. Kwani huo uzi uko wapi?

Kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaani, Ampli aliongea kwa sauti ya chini.

— Mnakumbuka sikukuu ya kwaya? Gitaa letu la kanisani lilikatika uzi wa nne Ijumaa ileile, na mfukoni nilikuwa na ule mwembamba mmoja tu. Nikabadilisha: mnene wao nikaufunga kwenye letu, mwembamba nikauweka kwenye lao. Walisema watakuja Jumatatu, ningekuwa nimeurudisha. Wakaja Jumamosi. Uko kanisani, Falonne, karibu na sikio lako. Tangu mwezi wa tatu unamsifu Bwana, na ni wa wizi.