Sauti ya Kwenye Spika

Ndani ya teksi ya abiria iliyotoka Kasese, Swalik alisikia akina mama wawili waendao soko la mpakani la Mpondwe wakiizungumzia katuni anayoitafsiri yeye kwenye kibanda cha video pale Bwera, akiichomekea vituko vya mtaani.

“Ile mutoto inachekesha, dada! Inaomba viatu ya baba yake musamaha mbele ya kupigwa.”

“Ile ni mutoto yangu,” mwenzake akajibu. “Bwana yangu alihadithia mutafsiri, wakacheka. Sasa shule muzima inamuita Viatu. Mutafsiri mwenyewe simujui, lakini ile sauti yake ya spika nitaijua hata gizani.”

Swalik alikumbuka alivyocheka, uso ukamshuka. Walipofika Bwera, ilimpasa amwite dereva asimame. Alifungua mdomo, akaufumba, na nyumba yake ikapita dirishani. Alishuka mpakani, gari liliposimama lenyewe.