Nusu ya Kichwa

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amesukwa upande mmoja tu. Upande wa pili nywele zilisimama kama zimeshtuka. Bibi aliyekaa upande huo wa pili akashindwa kujizuia. "Mwanangu, msusi kakukimbia?"

"Ni binti yangu. Yuko sekondari ya ufundi, mazoezi wanafanyia vichwani mwetu wazazi. Kengele ikalia, tunamalizia kesho."

"Si ungefunga kitambaa?"

"Nitaivuruga kazi kabla mwalimu hajaisahihisha."

"Mtoto ana akili zake, unampeleka kusuka!"

"Baba yake naye kanuna. Lakini leo binti kaniuliza, 'Mama, unaumia?' Kwenye shule ya zamani alikuwa haongei kabisa."

Basi likasimama, akashuka. Alipopita dirishani tukauona vizuri upande uliosukwa: mistari imenyooka kama imepigwa rula. Bibi akageuza shingo kuitazama mpaka basi lilipoondoka.