Vilima vya Masisi Ndani ya Begi Jekundu

Mbele ya duka la Mama Kahambu, pale njia ya sokoni Walikale inapogusa barabara ya Bukavu, kuna benchi la mbao ya libuyu ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Kahambu ni mutu wa Butembo, anauza sukari, samaki wa chumvi wa makayabo na mawe ya tochi, na kila asubuhi anatosha inje thermos moja kubwa ya kawa yenye mdomo mpana, basi wazoefu wanakuja. Kuna Callixte, anaitwa Prise, maana anachaji telefone za watu kwa pano yake ya jua. Kuna Benoît, anaitwa Giga, kazi yake ni kutia nyimbo na filme katika telefone. Kuna Émile, anaitwa Préfet, na huyo kweli alikuwa préfet wa masomo kule Masisi, mpaka madarasa yalipojaa wakimbizi na yeye mwenyewe akawa mmoja wao. Na kuna Consolée, mama kijana wa watoto wawili, ambaye kawa hanywi, kwani kawa inakimbiza moyo na wake unakimbia tayari bila kusukumwa, lakini benchi anakuja, kwa sababu nyumbani peke yake kila mlango unaojifunga kwake ni bombi.

Asubuhi hiyo mabombi yalikuwa ya kweli. Yalianza kusikika alfajiri upande wa Masisi, si karibu, lakini si mbali kama juma lililopita, na watu sokoni walikuwa wananunua huku wanageuza shingo. Consolée alikuwa na mtoto mgongoni, na juu ya magoti begi jekundu alilolishika kwa mikono miwili kama sufuria ya moto.

Mambo ya begi yanaanzia kwa bwana yake, Grégoire. Alisoma informatique Goma, na walipokimbia kutoka Kibabi mpaka hapa alikuja na mashini moja, kompyuta ya zamani iliyokufa kioo. Akaifanya serveur ya nyumba: iko chini ya kitanda, inakula kuraa, umeme wa batri ya gari, na mtu akisimama kwenye lupango, uani pao, na telefone yake anaweza kufungua kila kilicho ndani. Na kilicho ndani ni karatasi. Familia za Masisi zilizokimbilia Walikale zilikuja na karatasi za vilima vyao, hati za mashamba, zimekunjwa ndani ya sashe za plastiki, zimelowa, alama za vidole za mababu zinaanza kuondoka na wino, na Grégoire akazipiga picha moja moja. Familia sitini na tatu. Tangu hapo karatasi zenyewe nyingi zimekwisha: ingine mvua, ingine moto, na ile ya mzee Ndayambaje ililiwa na mbuzi, mbuzi wa Ndayambaje mwenyewe. Kwa hiyo kilima cha Ndayambaje leo kinaishi chini ya kitanda cha Consolée na si fasi ingine.

Halafu Grégoire akaenda Goma kutafuta vyombo, barabara ikafunga nyuma yake. Mara ya mwisho alipopiga telefone alisema, Consolée, mashini ile inaweza kufa siku yoyote, tafuta diski ya inje, ufanye kopi, lakini ujue kama… na rezo ikakatika, na haijarudi mpaka leo, juma la nne. Ajue kama nini? Consolée ana diplome ya sekondari, alama sitini na moja kwa mia, na zote hazikumsaidia kumalizia sentensi ile. Akaja kuuliza benchi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na anakubali.

Giga alimletea diski inang'aa, imeandikwa tera mbili. Consolée alitia kila kitu, ikameza bila shida, ikaomba ingine. Lakini kwa kuwa yeye ni mwoga hata wa vitu vilivyokubali, akaifungua kuangalia: majina ya familia yote yako, ukigusa jina, ndani kweupe. Kumbe tera zilikuwa za kuandikwa tu kwenye ganda. Giga akasema labda ilikuwa na njaa. Tangu siku hiyo Consolée hakuamini kopi asiyoifungua; alikaa siku tatu akiangalia karatasi moja moja kama anachagua mawe kwenye mchele.

Akapata diski tatu nzuri. Ya Prise, kubwa, ya zamani, yenye kitu kinachozunguka ndani, ambayo ukiitikisa barabarani juu ya pikipiki inakufa. Ya Kahambu, ndogo kama kipande cha sabuni, imevaa mpira, haina kitu kinachozunguka, ilitoka Butembo. Na flashi ambayo Giga aliitoa kwa haya. Lakini je, ile ya sabuni itavumilia mbio? Consolée akaona aijaribu. Akaifunga mgongoni pamoja na mtoto, akakimbia mizunguko miwili ya nyumba, kwa nguvu, kama vile siku yenyewe. Jirani wa kwanza alipomwona anakimbia na mtoto akakamata godoro. Wa pili akakamata jirani wa kwanza. Nusu ya avenue ilifika mtoni Lowa kabla mtu hajauliza wanakimbia nini, na Consolée, alipowaona wanakimbia, akaogopa sana akakimbia nyuma yao. Alifika mtoni anahema. Diski ilikuwa nzima.

Basi zile tatu aliwapa wanaume watatu, kila mmoja moja. Baada ya juma moja Prise akarudisha, akasema kwake wanaingia watu wengi. Giga akarudisha, anaogopa ataifuta siku moja atie filme. Préfet akarudisha kwa maneno mazuri zaidi, kwamba katika Walikale nzima hakuna mutunzaji kama Mama Adelaïde, ndiyo Consolée mwenyewe. Consolée alifurahi, kusifiwa ni kusifiwa. Akaziweka zote ndani ya begi jekundu, na begi akaliweka chini ya kitanda, kando ya serveur.

Sasa mabombi yanasikika, na mabishano ya benchi ni haya: siku ya kukimbia, akikosa muda, atoshe inje diski gani kwanza?

— Yangu njo ya kwanza, Prise akasema. Iko na uzito. Kitu cha uzito hakipoteake.

— Kinapoteaka na mwenye kukibeba, Giga akamjibu.

Prise hakushindwa. Akasema basi isikimbie kabisa, itiwe ndani ya bidon ya mafuta, bidon izikwe kule kwenye mashimo ya dhahabu, nani atashangaa kuona shimo Walikale?

— Na shimo lenyewe tutalikumbuka namna gani? Consolée akauliza.

— Tutaandika mu karatasi.

— Na karatasi tutaiweka wapi?

Prise alifikiri, akanywa kawa.

— Mu diski, akasema.

Giga alicheka mpaka benchi likatingishika kwenye tofali lake, kisha akaeleza mpango wake, ambao alisema ameulalia siku mbili. Diski zote zitupwe. Zinunuliwe karte ndogo za memori za telefone sitini na tatu, zishonewe ndani ya kofia za watoto wachanga sitini na tatu. Mutoto mumoja, kilima kimoja. Hata tukikimbia tukatawanyika, vilima vinatembea vyenyewe. Kahambu akamwuliza nani atafua kofia hizo. Giga akasema zisifuliwe. Consolée alimgusa mtoto wake kichwani, na kwa dakika nzima, aibu yake, alikuwa anahesabu kama uzi alionao nyumbani utatosha.

Préfet aliwaacha wamalize, kama alivyokuwa akiacha darasa lichoke, halafu akasafisha koo.

— Munakaa na vyombo tu, akasema. Dunia yote inatia fishie yao, karatasi na picha, mu nuage, huko juu, kwa serveur za Wazungu. Haiwake moto, haiibwe, hailiwe na mbuzi.

— Rezo haiko, Papa Préfet, Consolée akasema.

— Itarudi. Tutapanda na mashini mpaka karibu ya antene.

Consolée alikwisha kupiga hesabu hiyo siku rezo ilipokuwa bado ina vijiti viwili. Kwa mwendo ule, kilima cha mwisho kingefika kwa Wazungu mwaka ambao huyu wa mgongoni anachukua diplome. Alisema hivyo, na bombi moja likajibu kutoka kwenye misitu, kubwa kuliko yale ya asubuhi. Consolée akalivuta begi kwenye tumbo. Ikiwa ni leo? Ikiwa ni saa hii, anatosha inje gani?

Ndipo mwanamke mmoja akaja. Alikuwa na viatu viwili visivyo pacha na watoto wawili, akasalimia benchi lote kwa mkono, mmoja mmoja. Anaitwa Uwitonze, alifika jana kutoka Nyamitaba, kesho anaendelea upande wa Bukavu kwa ndugu. Amesikia kuna mama anatunza karatasi. Baba yake ni Nsengimana, hakufika. Alikuwa na karatasi ya kilima.

Consolée alisimama, lupango iko nyuma tu ya duka, wakaenda, na kwenye telefone akatafuta jina, akagusa, kikafunguka. Uwitonze hajui kusoma sana. Hakuangalia maandishi. Aliangalia chini kabisa, kwenye alama ya kidole cha baba yake, akaweka kidole chake juu ya kioo, picha ikakimbia, akashtuka, Consolée akamrudishia. Akakaa nayo muda.

Waliporudi benchi wanaume walikuwa wamerudia: uzito, kofia, nuage. Uwitonze akasikiliza kwa adabu. Kahambu akampa kikombe. Akanywa nusu, nusu akawapa watoto, halafu akauliza, maana alitaka kweli kujua:

— Dada, hizi diski zote tatu, zinalalaka wapi?

Prise aliangalia Giga. Giga aliangalia tofali la benchi. Préfet aliangalia begi.

— Mu hii begi, Consolée akasema mwishowe, polepole.

— Na mashini?

— Kando ya begi.

Uwitonze alitingisha kichwa, si kwa kulaumu.

— Mimi niko na batoto batatu, akasema. Hawa wawili nilikuja nao kwa musitu. Wa tatu nilimupana mama-mkwe, wakapita njia ya Sake. Mutu hapitishake watoto wote njia moja, si ndiyo?

Hapo Consolée akaona aibu mpaka masikioni, kwani naye siku ya Kibabi hakupitisha watoto wote njia moja. Huyu mdogo alimfunga mgongoni, na Adelaïde, wa miaka mitano, alimweka mikononi mwa mwanamke wa jirani ambaye hata jina lake lote hakulijua, wakaenda njia ingine, siku tisa bila habari, na siku ya tisa mtoto akafika na miguu iliyovimba. Prise alikuwa na watoto wake njia mbili. Préfet aligawa njia tatu. Hata mama yake Giga, miaka ya vita vya zamani, alimpitisha Giga huku na dada yake kule. Kila mutu kwenye benchi alijua kukimbia vizuri kuliko kusoma, na wote watano walikaa majuma mazima wakipima ganda la diski, inavumilia maji, inavumilia kuanguka, na kuziweka zote kitanda kimoja kama watoto wa familia isiyowahi kusikia bunduki.

Préfet njo alianza kucheka, kisha wote, kicheko kibaya cha watu wanaojionea haya, na hata Consolée, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka pamoja nacho. Ajue kama… Sasa alijua Grégoire alitaka kusema nini.

Akafungua begi. Ile ya Prise, ya kuzunguka, isiyotaka barabara, akamrudishia mwenyewe, aizike ndani ya gunia la maharagi nyumbani kwake, na mara hii asirudishe. Prise aliipokea kwa mikono miwili. Flashi aliishika muda mrefu zaidi. Uwitonze alikuwa mtu wa saa moja tu, mutu asiyemjua, na kesho ataondoka. Lakini kidole cha baba yake kilikuwa ndani. Consolée akamwekea mkononi, akamfungia vidole.

— Bukavu, kama utafika, utafute rezo, umutumie Grégoire vyote vilivyo ndani, akasema. Kama haupate, uitunze tu.

Uwitonze aliitia ndani ya kitambaa alimofunga chumvi, akafunga mafundo mawili.

Ikabaki ya sabuni. Kesho kutwa Kahambu anapanda gari la mizigo, anazungukia Lubutu na Kisangani mpaka kwao Butembo kuleta bidhaa, wote walijua. Walimwangalia. Barabarani wanapekua, alisema, wanafungua kila fuko, wanapapasa mpaka nywele. Kisha akachukua thermos, akamimina kawa iliyobaki katika vikombe, tone la mwisho akalitupa chini, akaikausha ndani kwa pindo la kitenge, akaiacha wazi juani, akaigeuza, akaikausha tena. Alipoona kavu, Consolée akaifunga diski kwa sashe mbili na kuiteremsha. Iliingia kama imepimwa. Kahambu akafunga kifuniko, akatikisa kidogo karibu na sikio.

— Mama ya biashara na thermos yake, akasema. Nani atauliza?

Bombi lingine lilisikika. Consolée alikuwa ameshika begi jekundu, tupu, kwa kidole kimoja. Giga alimaliza kikombe chake, akaangalia ndani, akaangalia thermos.

— Na kesho, akauliza, kawa tutainywa mu nini?