Kurian Mathai, Mchoraji wa Watu (1961–2025)

Wasifu huu umesomwa na shemeji yake, Naftali Ouma, Ugunja, Jumamosi tarehe 1 Machi 2025

Kurian Mathai alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kottayam, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Alikuwa mtoto wa nne wa seremala Mathai na Mama Aleyamma.

Baada ya shule ya kanisa la kwao alisomea uchoraji mjini Baroda, akahitimu mwaka 1984. Wenzake walipenda picha zisizo na umbo la kitu chochote. Yeye alichora watu: wapagazi, wauguzi, wanawake wakianika nguo. Mwalimu mmoja alimwambia picha za namna hiyo zimepitwa na wakati. Hakubadilika.

Mwaka 1989 alikwenda Riyadh kuandika mabango ya maduka. Watu wake aliwachora chumbani, akitoka kazini. Mwaka 1998 alihamia Jeddah, akapanga nyumba mtaa wa Ruwais. Huko alikutana na dada yetu, Jael Achieng, muuguzi. Alikuwa amekwenda kudungwa sindano, akamwomba dada akae amchore. "Nilidhani homa imempanda kichwani," dada husimulia. Walifunga ndoa Kisumu tarehe 8 Desemba 2001, wakajaliwa binti mmoja, Mourine. Kiswahili alikiokota kwa mkewe.

Siku za Ijumaa, akina dada wa Kenya waliofanya kazi za nyumbani walikuja kuchorwa. Mmoja wao, Mwatime wa Kwale, alifariki mwaka 2013 kabla picha yake haijaisha. Kurian aliituma kwa mama yake, ambaye hakuwa na picha nyingine ya binti huyo akiwa mtu mzima. Mama akapiga simu.

"Baba, mikono ya mwanangu iko wapi?"

"Mama, sikuwahi kuifikia. Nikiichora sasa, itakuwa mikono ya mtu mwingine."

Mama yule akasema, "Basi iache." Tangu siku hiyo Kurian alianza kila picha kwa mikono.

Kisukari kilimpata mwaka 2016. Kilimharibia macho, kisha figo. Machi mwaka jana, akiwa amelazwa, bomba lilipasuka juu ya dari ya nyumba yao. Mafundi wakatoa vitu nje, na picha thelathini na moja zikabebwa na gari la taka. Dada alimficha habari hiyo siku tisa. Alipomwambia, alisema "Halas" tu, yaani basi, imekwisha, akageukia ukutani. Mourine alimpelekea karatasi na penseli, akazirudisha. "Chora wewe, mwanangu. Mimi watu siwaoni tena, naona rangi tu."

Alifariki Jeddah tarehe 2 Februari 2025, alasiri, mkewe akiwa kando yake. Makaratasi ya kumsafirisha yalichukua siku ishirini na sita. Yeye mwenyewe aliomba azikwe hapa kwetu, karibu na watakapoishi mkewe na bintiye.

Ameacha mjane, Jael, binti, Mourine, kaka yake, Ninan, na mama yake mzazi, Aleyamma, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja. Mpaka asubuhi ya leo, Ninan alikuwa hajapata ujasiri wa kumwambia mama yao.

Mungu akupe pumziko la amani, shemeji yetu.